Namba Niliyomtajia Fundi

Reli iliishia Nanyuki. Kutoka hapo hadi kwetu Isiolo kulikuwa na barabara tu, na sisi watatu tuliopenda treni ilibidi tupande lori kuifuata. Wa kwanza alikuwa fundi wa nguo wa mtaa wa Bulla Pesa, mzee wa Kisomali ambaye babake aliletwa huku akiwa askari wa Mwingereza. Wa pili alikuwa karani wa mifugo. Wa tatu nilikuwa mimi, mwalimu wa shule ya msingi, Mborana, miaka ya sabini ikielekea kwisha.

Kila mwezi, Jumamosi baada ya mshahara, tulikaa kando ya ua wa stesheni ya Nanyuki tukiandika namba za injini. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu. Wapakiaji wa ng'ombe walituuliza kama namba hizo huliwa. Askari naye, akiona watu wa kaskazini wameshika kalamu karibu na reli, alitaka vipande vyetu vya utambulisho na kutuuliza tunampelelezea nani. Fundi alimjibu kwa upole, "Afande, hakuna mtu. Tunapenda tu."

Jioni tulinakili namba kwenye kitabu kikubwa ambacho fundi alikishonea jalada la kaki. Mwandishi wake nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Fundi alikuwa akipitisha kidole juu ya mistari na kusema, "Mwalimu, mkono wako ni kama mashine." Nilikuwa na mke na mtoto na darasa la wanafunzi hamsini, lakini hakuna sifa niliyoingojea kama hiyo.

Ndipo akaja Sista. Alikuwa muuguzi mpya hospitalini, msichana wa Kiturkana aliyekulia Nakuru, ambako babake alikuwa mchochea moto wa injini. Alikwenda kwa fundi kupunguziwa sare, akaona kitabu juu ya meza, akakaa hapo mpaka duka likafungwa. Mwezi uliofuata alikuwa nasi kwenye lori.

Askari alipokuja, Sista alimsalimia, akaingia ndani, akamtafuta dereva mmoja aliyemjua babake. Baada ya nusu saa tulikuwa tumesimama ndani ya injini yenyewe, mahali ambapo kwa miaka miwili hatukuwahi kuruhusiwa hata kusogelea. Fundi aligusa kila chuma akicheka kama mtoto. Mimi nilisimama nyuma nikisema moyoni, huyu amekuja juzi tu.

Mambo yakaendelea hivyo. Injini ikiwa bado mbali, Sista alifumba macho, akasikiliza, akasema ni ya aina gani, na ikitokea ilikuwa hiyo hiyo. Daftari lake lilikuwa na namba nyingi kuliko zetu sote. Fundi akaanza kumwita "binti yangu". Mimi niliendelea kuitwa Mwalimu.

Zamani injini nyingine zilipewa majina ya makabila, yakaandikwa kwenye bamba ubavuni. Fundi alikuwa amesikia kwamba iko moja yenye jina la Waborana. Mama mzazi wa fundi alikuwa Mborana, na kila mara alisema angependa kuiona kwa macho yake. Niliporudi kutoka Nairobi likizoni, nikamkuta akimmiminia Sista chai na kumsifu, maneno yakanitoka.

"Nimeiona," nilisema. "Ile ya kwetu. Nairobi, kwenye yadi."

Fundi aliweka birika chini. "Wallahi?"

"Kwa macho yangu."

Sista alifungua daftari. "Namba yake, Mwalimu?"

Nilitaja thelathini na moja, kama zilivyoanza nyingi za namna hiyo, kisha nikabandika tarakimu mbili zilizonijia. Aliziandika. Alifungua ukurasa wa nyuma, akaangalia kidogo, akaniangalia mimi, akafunga daftari.

Fundi alifunga duka, akasema anakwenda Nairobi. Nilikuwa na nafasi ya kumzuia. Badala yake nilimbebea mkoba hadi kwenye basi, nikampungia mkono.

Alirudi siku ya nne, macho mekundu, mguu umevimba kwa kusimama. Tulimkuta cherehani yake haijafunuliwa.

"Nimeiona namba yako, Mwalimu," alisema. "Ina jina la watu wengine." Kisha akauliza habari za watoto shuleni.

Tulipotoka nilimfuata Sista. "Ulijua?"

"Nilijua. Babangu ameifanyia kazi injini hiyo. Iko kwenye daftari langu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuachia wewe useme. Ulikuwa na nafasi mpaka mlangoni mwa basi."

Ningepaswa kuona haya. Nilichoona ni hasira, kwamba hata kwenye uongo wangu amenishinda, tena kwa adabu. Wiki iliyofuata fundi alimkabidhi kitabu kikubwa aandike yeye. Hakunieleza sababu na mimi sikuuliza.

Baadaye injini za moshi ziliisha, zikabaki za dizeli. Karani alihamia Garba Tulla. Sista alihamishiwa Nakuru, akarudisha kitabu kwa fundi. Nilidhani sasa mzee atakuwa wangu. Lakini macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na kila barua ya Sista ilipofika aliniita mimi nimsomee. Nilikaa kwenye kiti kile kile cha wateja nikisoma namba alizoziona mwenzangu, naye mzee akitikisa kichwa kwa raha.

Siku moja barua ilikuja ndefu. Katikati Sista alikuwa amemshukuru mzee kwa kumlea kama baba katika mji wa ugenini. Nikaruka hapo, nikasoma salamu za mwisho.

"Karatasi umegeuza mara mbili," fundi alisema. "Maneno yamekuwa machache. Soma na yale uliyoruka."

Nikasoma yote. Nilifika mahali alipoandika kwamba amemuuliza babake, naye hajawahi kuiona injini ya Waborana, lakini mzee asikate tamaa, bado anaulizia. Akaongeza: "Msalimie Mwalimu. Hakuna mwenye mwandiko kama wake."

Fundi aliniambia jibu, nami nikaliandika. Chini kabisa, bila kutumwa, niliongeza kwamba naomba msamaha kwa ile namba. Nilikata mstari huo, nikauandika tena, nikaifunga bahasha haraka kabla sijabadili nia. Nilipokuwa naipeleka posta bado nilimwonea Sista wivu, na nadhani hata leo, nikisikia anaishi karibu na reli, wivu huo hunijia kwanza kabla ya furaha.