Mama Alivyoosha Pinyo za Baba

Watu wakiniuliza kwa nini siku hizi nauza vitenge badala ya kukereza vyuma, nawajibu mashine iliuzwa, basi. Wengine hawaridhiki. "Ulishindwa nini?" Wallahi, siku moja nitamtukana mtu mbele ya wateja.

Mashine ilikuwa ya baba. Ya kukereza vyuma, ya Kibelgiji, kuukuu, imekaa uani kwetu Buyenzi chini ya mabati. Pembeni yake palikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku mlikuwa na magurudumu ya chuma yenye meno, madogo kwa makubwa, ambayo mafundi wa kwetu wanayaita pinyo. Ukitaka kukata skrubu unachagua pinyo, unazipanga zishikane meno, na hizo ndizo zinazoiamuru mashine mifereji ya skrubu iwe ya upana gani. Bila pinyo mashine inabaki ya kulainisha vyuma tu, na za namna hiyo Buyenzi zimejaa.

Baba alizitunza pinyo zake kuliko alivyotutunza sisi. Mkono mtupu hauzigusi, maana jasho lina chumvi na chumvi inakula chuma. Akimaliza kazi anaziacha zipoe, anazipangusa, anazipaka mafuta mazito, halafu kila moja anaifunga kwenye karatasi yenye mafuta na kuilaza kwenye kichumba chake, jino la hii lisiguse jino la ile. Sanduku lenyewe halikukaa chini. Lilikaa juu ya mbao, kwa sababu saruji inavuta unyevu, na sisi wa karibu na ziwa tunaujua unyevu: msimu wa mvua hata nguo za kabatini zinaota ukungu. Kwenye kona alitia soksi iliyojaa makaa makavu, inyonye majimaji ya hewa. Jino likipata shimo la kutu, hata dogo kama tundu la sindano, skrubu yako haitakuwa sawa tena.

Mama alilichukia lile sanduku. Lilikuwa jeusi, linanata, linanuka, na kila mara alipopita karibu nalo akiwa na nguo zilizofuliwa alilalamika. "Nyumba ya watu na uchafu gani huo?" Baba anacheka tu. Anacheka, ananikonyeza, anaendelea na kazi.

Mi ndiye niliyejifunza. Kaka yangu alisoma, akapata ofisi, akahamia Mutanga Nord. Mi niliolewa Musaga, lakini kila asubuhi nilipanda gari kuja Buyenzi kusimama pembeni ya baba, na majirani walinicheka mpaka wakachoka.

Baba alipofariki, matanga hayajaisha, baba mdogo, mdogo wake marehemu, akaanza. "Mashine iuzwe. Nani ataitumia? Huyu?" Nikasema mbele ya wanaume wote kwamba naijua mashine ile na ninaitaka. Kulikuwa na mteja wa zamani wa Rumonge, mkamuaji wa mawese, aliyeleta chuma kwa baba ili akatiwe skrubu kubwa ya kinu cha kukamulia. Kazi ile baba hakuiwahi. Kaka akaamua: "Basi, akate hiyo skrubu. Akiweza, mashine ni yake. Akishindwa, tunauza." Baba mdogo akakubali haraka mno. Alikuwa na uhakika wake.

Mteja akakubali kusubiri arobaini ipite, kwa sababu kwetu kazi ya marehemu haiguswi kabla ya arobaini. Na mi sikuigusa. Nilirudi Musaga kwa watoto wangu, nikawa nakuja Ijumaa tu kumsalimia mama, na kila nilipokuja nilipita mbali na turubai lililofunika mashine, nisije nikaambiwa nina uchu.

Mama alikuwa katika eda. Haendi sokoni, haendi harusini, mashangazi wamemnyang'anya hata jiko. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kukaa bure, leo amekalishwa kwenye mkeka na nguo nyeupe. Akaanza kuosha. Akaosha mashati ya baba, viatu vyake, birika lake la udhu, mswala wake. Vilipokwisha, akatoka uani.

Siku ya pili baada ya hitima ya arobaini nilikuja na nguo zangu za kazi. Mama akanipokea kwa furaha, mara ya kwanza kumwona akicheka tangu msiba. "Njoo uone, mwanangu. Njoo!" Sanduku lilikuwa limesuguliwa mpaka mbao imekuwa nyeupe. Ndani, tupu.

"Pinyo ziko wapi, mama?"

"Tulia basi!" Akaniingiza chumbani, akavuta ndoo yenye kifuniko kutoka chini ya kitanda chake, juu ya saruji. "Yale makaratasi machafu niliyachoma. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikasugua kwa mchanga. Zilikuwa zinang'aa kama sufuria mpya! Halafu nikazifungia humu zisipate vumbi."

"Lakini kazi ya marehemu si haiguswi?"

"Mi nilifanya kazi? Mi nilisafisha tu."

Akafungua kifuniko. Yebabawe! Zimerundikwa moja juu ya nyingine kama viazi, rangi ya matofali, na chini kuna maji ya kutu. Mama akainamia ndoo. "Mbona zimebadilika rangi? Lete mchanga nizisugue tena."

"Apana! Usiziguse!"

Alishtuka, mikono ikabaki hewani. Nikajikaza. Nikamwambia ziko sawa, ahsante, amefanya vizuri.

Nilizihangaikia kwa petroli na brashi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kutu ya juu ilitoka, mashimo yakabaki. Pinyo mbili zilikuwa zimemeguka meno kwa kutupwa ndani ya ndoo. Mashine ile haitengenezwi tena, pinyo zake huzipati popote, na mafundi niliowaendea waliniambia kitu kile kile. Siku ya kukata skrubu ikafika, nikazipanga hivyo hivyo. Ningefanya nini kingine?

Mashine ilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. Kisu kilirukaruka. Nilipunguza mwendo, nikaongeza mafuta, nikamwomba Mungu kwa jina lake, na skrubu ikatoka imepinda mifereji. Nati ya kinu chake, aliyokuja nayo mteja, iliingia mpaka katikati, ikakwama. Mteja alijaribu kuizungusha mwenyewe, akaiacha. "Pole, binti yangu," akasema, akabeba chuma chake.

Baba mdogo alikuwa amesimama na mikono nyuma. "Si nilisema? Chuma hakimtaki mwanamke."

Kaka akanisogelea. Sitamnyima haki yake, aliniuliza vizuri. "Shida ni nini? Kama kuna kitu kimeharibika, sema. Tutakupa nafasi nyingine."

Nyuma yake pazia la mlango lilitikisika. Niliona ncha ya nguo nyeupe. Mama alikuwa pale, anasikiliza, ananiombea. Neno moja tu lilitosha: ndoo. Baada ya hapo mashangazi wangelijua, mtaa ungelijua, na yeye angekaa kwenye ule mkeka akijua kwamba mikono yake ndiyo iliyoua kazi ya mumewe.

"Nimeshindwa," nikasema.

Msinisifu. Sikusema kwa moyo safi. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Namkasirikia baba mdogo, huyo hata sihitaji kueleza. Lakini zaidi namkasirikia baba, Mungu amrehemu. Miaka yote ile alinifundisha mi kila kitu, na mke wake, aliyeishi nyumba moja na lile sanduku, hakumwambia hata mara moja yale mafuta ni ya nini. Alicheka tu. Ingekugharimu nini, baba?

Mnunuzi alikuja eda ilipokwisha, fundi wa makamo kutoka Kibenga. Vijana walipomaliza kupandisha mashine kwenye lori, mama akatoka na ndoo nilimokuwa nimezirudisha pinyo. "Na hizi ni zake. Niliziosha mi mwenyewe."

Yule fundi akafungua kifuniko. Akatazama muda mrefu. Akaninyanyulia macho, na nikajua ameelewa yote. "Ahsante, mama," akasema taratibu. "Umezisafisha kweli." Akaiweka ndoo mbele, kwenye kiti, asiitupe nyuma na vyuma vingine.

Lori likaondoka. Mama akanishika mkono, akaupapasa kama nilipokuwa mtoto mwenye homa.

"Umeona? Mutu anayejua kazi anaona thamani ya kitu. Usilie, mwanangu. Ulijaribu. Labda kweli hii haikuwa kazi ya mwanamke."

"Labda, mama," nikamwambia.