Jiliwa la Kuchongea Chini

Mke wangu huchonga miiko ya ugali, ile mikubwa inayotakiwa kwenye harusi. Huchonga akiwa amekaa chini, kama mama yake alivyochonga kule Kivu Kusini: mkono wa kushoto umeubana mti, wa kulia unavuta kisu. Mwaka juzi alianguka na baiskeli akitoka upande wa Juru na mzigo wa maharage. Mkono wa kushoto ulipona, lakini nguvu ya kubana haikurudi. Visu vyake vikabaki kikapuni, na kila nilipomuuliza alisema kazi hiyo ameiacha. Sikumwamini. Bado alikuwa akivinoa.

Mimi ni seremala, nikaona dawa ninayo. Nilimwonyesha jiliwa la meza yangu, lenye taya mbili za chuma zinazobana unapozungusha mpini. Ubao lilibana vizuri. Mwiko, kwa kuwa una mgongo na tumbo, ulichomoka ukampata jogoo.

"Baba watoto," akasema, "jogoo alikosa nini? Na mi siwezi kuchonga nikisimama sawa polisi wa barabara."

Fundi mwenzangu, Mrundi, ndiye aliyenielekeza Ruti, mjini Mbarara, kwenye duka la vifaa vilivyotumika. Huko, alisema, kuna majiliwa ya wale wanaochonga mifano ya mbao ya kutengenezea kalibu, kabla chuma hakijamiminwa. Kichwa cha jiliwa hilo huzunguka na kulala, na taya zake hukaa mshazari kufuata umbo la mti. Tukaenda Mbarara pamoja, mke wangu akiwa na mwiko ambao haujakamilika, ameufunga kwa kitenge.

Muuzaji alitutolea mawili. Moja lilikuwa kubwa, limepakwa rangi ya kijani. La pili dogo, lina kutu mgongoni. Nililipiga kofi lile kubwa.

"Hili ndilo la wanaume."

"Basi wanaume wachonge," mke wangu akajibu. Akavua ndala, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu.

Muuzaji alishtuka. "Nyabo, mama yangu, kiti iko! Mimi naleta kiti!"

"Kiti acha. Shusha chuma."

Tulilishusha lile kubwa, tukalifunga kwenye gogo mbele yake. Lilizunguka vizuri, lakini kulala halikulala. Pini yake ilikuwa imekwama. Mke wangu aliinua shingo kulitazama. "Huyu anaangalia dari tu. Mwiko nitauchongea juu ya paa?"

La kutu, pini ilipolegezwa, liliinamisha kichwa mpaka usawa wa magoti yake. Alichukua ndala zake, akazipachika kati ya taya na mti ili chuma kisiung'ate, kisha akakaza. Taya zikaegemea tumbo la mwiko. Alijaribu kuutikisa. Haukutikisika. Mkono wa kushoto akauweka juu ya mpini wa mwiko, umetulia tu, hauna kazi.

Akavuta kisu. Ganda refu la mti likajikunja, likaangukia viatu vya muuzaji. Alivuta tena, kisha tena, na mara akaanza kucheka peke yake, akivuta huku akicheka.

"Nyabo, sakafu yangu!" muuzaji akalalamika, lakini naye meno yote yalikuwa nje.

"Ngoja kwanza. Tumbo halijaisha."

Hakuinuka mpaka tumbo likaisha. Tukalinunua la kutu; lile kubwa la kijani nililiaga kwa macho.

Nyumbani kwetu kambini, Kashojwa, lilibaki swali la mahali pa kulifunga. Mke wangu aliitazama meza yangu, meza niliyoiunda mwenyewe, akaitazama miguu mirefu ya hiyo meza, kisha akanitazama mimi. Nikachukua msumeno.

Siku hizi napiga randa nikiwa nimepiga magoti. Majirani Warundi wakipita huniuliza kama nimeanza rozari. Mke wangu, aliyekaa upande wa pili wa meza na maganda yamemfunika miguu, hunijibia bila kuinua macho:

"Mumwache. Bado iko ku Salamu Maria ya kwanza."