Siku Mashine ya Misheni Ilipochoka Njiani

Sisi tuliokulia kando ya mto Ruvu, upande wa Kibaha, kabla Maili Moja haijajaa maduka na kabla Misugusugu haijawa nyumba juu ya nyumba, tulijua saa kwa kusikiliza. Kulipopambazuka tulisikia kengele ya shule, nayo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Jua likiwa kichwani tulisikia michi ya akina mama ikitwanga kisamvu. Na Jumamosi alasiri tulisikia mashine ya misheni ikinguruma mtoni, tukajua baba yangu anarudi.

Mashine hiyo ilikuwa injini ya boti, kuukuu, iliyoachwa na padre mmoja mzee aliporudi kwao Ulaya. Rangi yake ilikuwa imebabuka mpaka hujui ilikuwa buluu au kijani. Ilifungwa nyuma ya boti ya mbao, ikawashwa kwa kuvuta kamba. Kijiji chetu kilikuwa kigango tu. Parokia yenyewe ilikuwa mto juu, upande wa Kisarawe, na wakati wa masika njia ya miguu ilimezwa na maji, kwa hiyo boti ndiyo ilikuwa barabara yetu. Baba alikuwa katekista, na kwa kuwa padre alimwachia mashine pamoja na katekisimu, alivitunza vyote viwili kwa heshima ileile.

Tulikuwa na raha zetu. Wasichana tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, mdako kwa vijiwe vya mtoni. Wavulana walitengeneza boti za mabua na kuziendesha kwenye madimbwi huku wakinguruma kwa midomo mpaka mate yawakauke. Kuogelea mtoni kulikatazwa kwa sababu ya mamba, na anayerudi nyumbani na nywele zenye maji hakuulizwa maswali mengi. Jioni tulikula ugali na kambare aliyekaushwa kwa moshi. Siku hizi wajukuu wangu hapa Tangini wakimwona kambare sahanini, wanaomba wakaangiwe yai. Sawa, yai nalo ni la Mungu.

Sasa niseme habari ya Jumapili moja ya masika.

Baba Askofu alikuwa anakuja parokiani kutoa kipaimara. Mwaka uliotangulia mafuriko yalimrudisha njiani. Watoto wa kigango chetu tulikuwa tumefundishwa na baba mpaka tukaweza kujibu maswali tukiwa usingizini. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya pekee: wiki ile nilikuwa nahama, nikakae kwa shangazi Iringa na kusoma huko. Nisipopata kipaimara siku ile, ningekipata ugenini, kati ya watu nisiowajua, baba yangu akiwa mbali. Mama alinishonea gauni jeupe, akalitia wanga mpaka likasimama lenyewe. Nilikaa botini kama niliyemeza ufagio, nisilikunje.

Tuliondoka mapema: baba nyuma kwenye mashine, sisi watoto katikati, na mbele Bibi Skola, mtunza sakristia wa kigango, ambaye alikuwa msimamizi wangu. Bibi Skola alikuwa mama mwembamba mwenye sauti nene. Hostia alizihesabu yeye, mishumaa aliiwasha yeye, na tangi la petroli la mashine lilikuwa chini ya ulinzi wake, kwa kuwa palikuwa na wezi na mlango wenye kufuli kijijini ulikuwa wa sakristia peke yake.

Baba alisali, akavuta kamba, mashine ikaitika mara ya kwanza. Tukaimba. Boti ilipanda mto vizuri hadi tukaipita kona ya kwanza, kisha mlio ukaanza kushuka. Haikuzima. Ililegea, kama mtu anayesinzia baada ya chakula. Baba aliongeza moto, nayo ikazidi kulegea. Maji ya masika yana nguvu. Tukaona miti ya ukingoni imesimama, halafu ikaanza kwenda mbele yetu. Tulikuwa tunarudishwa.

"Katekista, tunarudi nyumbani?" akauliza Bibi Skola.

"Bado, Mama. Tunapumzika."

Baba alishika tawi lililoinamia maji, akafunga boti, akainua mashine. Kwenye pangaboi kulikuwa na matete na uzi wa nyavu. Akayatoa taratibu. Alifungua kifuniko cha tangi akatazama kama petroli ipo, ikawa ipo, akafunga. Akavuta kamba. Mashine ikanguruma kama mpya!

"Si nilisema ni majani," akasema Kosmas, mwenzetu mmoja ambaye hakuwa amesema lolote.

Tukaimba tena. Hatukumaliza wimbo. Mlio ukashuka vilevile, boti ikaanza kurudi.

Safari hii baba alitoa plagi. Moja ilikuwa nyeusi, imelowa. Akaifuta kwa upindo wa shati lake la Jumapili, nami nikamfikiria mama. Akazirudisha, akafungua tangi, akachota petroli kidogo kwenye chupa na kuinyanyua juani, maana maji yakiingia kwenye mafuta huonekana chini. Haikuwa na maji. Akafunga, akavuta, ikanguruma.

"Plagi!" tukapiga kelele.

Ikalegea tena.

"Ni uzito," akasema Kosmas. "Bibi Skola angebaki tungekwisha fika."

"Mimi?" Bibi Skola akageuka. "Wewe uliyekula mihogo sufuria nzima alfajiri ndiye unanitaja mimi? Tukutupe wewe, mamba wafungue kinywa."

Hata baba alicheka, lakini niliona anatazama jua. Tulijua Askofu ataondoka mara baada ya Misa, kwa sababu wingu lilikuwa limesimama upande wa Dar es Salaam, na mvua ikinyesha gari lake lisingetoka kwenye ule udongo mweusi. Nilianza kulia kimyakimya, nikijifuta kwa kiganja ili machozi yasidondokee gauni.

Bibi Skola akatoa rozari. "Tusali," akasema. Baba, huku tukisali, alifungua tangi tena akanusa, akafunga, akavuta kamba, na mashine ikawaka katikati ya Salamu Maria. Hapo hata Kosmas alishika kichwa. Tulisali kwa sauti ya kuipita mashine. Kabla ya fungu kwisha, mlio ukashuka.

"Bibi, ongeza nguvu," akasema Kosmas. "Hii inaenda kwa sala yako."

 Baba alizima, akakaa. Nakumbuka vizuri jinsi alivyokaa: mikono magotini, kama aliyekuwa anamsikiliza mtoto mwenye homa. Kisha akabinya lile puto la mpira lililopo kwenye bomba la mafuta. Likabonyea, halikurudi. Akaligonga tangi kwa kidole. Ubavu wake ulikuwa umeingia ndani. Akalegeza kifuniko polepole, nasi sote tukasikia: fyuuu! Hewa ilikuwa inaingia kwa pupa, na ubavu wa tangi ukarudi nje kwa mshindo.

Juu ya kifuniko palikuwa na skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Katika safari huachwa wazi, kwa sababu petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo mashine hunyonya mpaka inashindwa. Kila tulipofungua tangi kutazama, tuliipa hewa ya dakika chache, nasi tukatoa sifa kwa matete, kwa plagi, na kwa rozari. Baba aliijua skrubu ile. Kwa desturi yake hakuifunga kamwe, ndiyo maana hakuitazama. Akajaribu kuizungusha kwa vidole. Haikutikisika.

"Nani ameifunga hii?"

"Mimi," akasema Bibi Skola, bila wasiwasi wowote. "Mafuta yako yananuka, Katekista. Sakristia nzima, kanzu, vitambaa vya altare, mpaka hostia. Watu wanapokea Komunyo wanakunja uso. Nikaona kale katundu ndiko kanatoa harufu, nikakakaza kwa koleo la jikoni."

Mtu mwingine angefoka. Baba alimtazama yule mama aliyemzidi umri, akatazama skrubu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Umekaza vizuri, Mama," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mimi mwenyewe nisingeweza."

"Asante," akajibu Bibi Skola. Baadaye kidogo akauliza, "Kwani ni vibaya?"

Baba aliilegeza kwa koleo lake, akavuta kamba, na mashine ikapanda mto bila kusinzia tena. Lakini jua lilikuwa limekwenda. Tulipokaribia gati la parokia hatukusikia wimbo wala kengele, nami nikajua Misa imekwisha.

Tulipanda ukingo tukikimbia, gauni langu limelowa hadi magotini. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, chakula kimefunikwa, hakuna aliyekula. Mlangoni amesimama Askofu, mavazi yake yote mwilini, kofia kichwani, na paroko pembeni yake anatazama wingu.

"Tumewasikia tangu mbali," mama mmoja akatuambia. "Mnakuja, mnanyamaza, mnakuja tena. Paroko alimwambia Baba Askofu aondoke kabla ya mvua. Akasema hawezi kuvua mavazi huku anasikia mashine inahangaika."

Baba alipiga goti kuomba radhi, Askofu akamwinua. Kanisa likajaa upya. Bibi Skola aliweka mkono begani mwangu, Askofu akanipaka krisma kwenye paji la uso, na baba alikuwa palepale, ubavuni, shati lina doa jeusi. Mvua ilinyesha kabla hatujamaliza. Gari la Askofu lilikwama kweli, na waumini wote, na sisi tuliovaa nyeupe, tulilisukuma mpaka likatoka. Mama hakulisamehe gauni lile.

Baba na Bibi Skola wamekwisha tangulia. Leo barabara inafika parokiani, nami hupelekwa huko kwa gari la mwanangu, kiyoyozi kikivuma. Gari likikohoa mara moja tu, kijana anapiga simu kwa fundi, anashika simu yake, anasubiri kuletewa jibu. Simlaumu. Watoto wa siku hizi wanapata kipaimara chao vizuri, na picha, na keki, na ninamshukuru Mungu kwa hayo. Misa ya kwanza inaisha kwa saa yake, ya pili inaingia, na aliyechelewa anaonyeshwa kwa upole tangazo la Jumapili ijayo. Ni utaratibu mzuri, watu ni wengi.

Ila mara nyingine, nikiwa nimekaa benchi la nyuma, humwona mtoto anaingia mbio wakati watu wanatoka, amevaa vizuri, anahema, anatafuta uso anaoujua. Hapo huwa nainuka, namshika mkono, nakaa naye mpaka wa kwao wafike. Maana mimi nilingojwa na kanisa zima, na chakula chao kikapoa.