Taa ya Mistari Mitatu

Kwa kina Lukresia, kule Rhotia, mwanga ulipimwa kwa mistari ya maharage. Baba yake alilima kibarua kutwa nzima kwenye mashamba ya watu, mstari kwa mstari, apate chupa moja ya mafuta ya taa, na Lukresia akichelewa kufunga daftari, mzee alimwambia, "Zima, mwanangu. Umeshakula mistari mitatu." Darasa la saba alilimaliza kwa kubahatisha, lakini hesabu ya mistari ilimkaa kichwani.

Leo ana miaka sitini na moja, na kazi yake ni kuwasha chemli kwenye loji moja mjini Karatu. Umeme upo, tena mwingi. Unazimwa kila jioni kwa makusudi, wageni wapate kula katika giza walilolilipia. Siku moja Lukresia alipiga hesabu: kwa ujira wake wa sasa, umeme wa jioni nzima kwa taa zote za nyumbani kwake haufiki hata kazi ya hatua mbili za jembe la baba kwenye mstari. Alicheka peke yake mpaka mpishi akamwuliza kama anaumwa.

Wiki iliyopita meneja Aikaeli alileta chemli mpya kumi na mbili, akazipanga mezani bila kumwambia mtu. Lukresia, kwa mazoea, akafungua kitako cha kila moja na kujaza mafuta. Kumbe zilikuwa za betri.

Hakuna hata moja iliyowaka. Ukumbi ukanuka mafuta kila kona.

"Mama," Aikaeli alisema taratibu, "kesho usije."

Lukresia aliogopa kweli. Kazi nyingine angeipata wapi kwa umri ule? Hata hivyo alileta koroboi yake ya kopo kutoka jikoni, akaiweka katikati ya meza. Wageni wakasogeleana mabega. Bibi mmoja wa Kizungu akavuta pumzi, akaanza kulia.

"Anasema ni harufu ya nyumbani kwa babu yake," dereva wao alitafsiri. "Anaongeza siku mbili."

Aikaeli akamgeukia Lukresia. "Mama, kesho uje. Umwage tena kidogo."

Alipofika nyumbani aliwasha taa zote, mpaka ya choo na ya banda la kuku. Akachukua daftari la mjukuu wake, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, huku akisubiri mtu amwambie azime.