Midomo ya Sista

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali hapa Garissa kwa sababu ya kizunguzungu. Mashine ya kupimia ilikuwa imeisha betri, kwa hiyo nesi akanishika mkono penye mshipa, akatazama saa yake, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Nikauvuta mkono wangu.

"Mzee, mbona unaninyang'anya mkono?"

"Unasoma nini?"

"Sisomi kitu. Nahesabu mapigo ya moyo. Sasa umenifanya nianze upya."

Nikamrudishia mkono. Nilijua anahesabu. Nimelijua hilo kwa zaidi ya miaka hamsini, na ndiyo sababu nimeketi kukuandikia haya, rafiki yangu, kabla kizunguzungu hakijanizidi.

Nilikulia nje kidogo ya Masalani, mahali ambapo asubuhi ilinuka moshi wa vibuyu. Nyanya alikuwa akivifukiza kabla ya kutia maziwa ya ngamia, na mpaka leo maziwa yasiyo na harufu ya moshi nayaona kama maji. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji mtoni na kumbeba mdogo wangu, msichana wa miaka minne aliyekuwa na kelele kuliko mbuzi wote wa zizini. Alikuwa akiimba tangu anapofungua macho. Nyanya alisema mtoto huyo amemeza redio.

Siku zile hatukumwamini mtu. Aliyetoka Nairobi tulisema ametoka Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine, na aliyetoka Kenya alikuja kuhesabu mifugo, au kutafuta bunduki, au kuchukua vijana. Kwa hiyo sista alipofika kwenye zahanati ya misheni, tulimpokea kwa macho makali. Kwanza, hakuwa Mzungu, nasi tulikuwa tumezoea kudhani masista wote ni Wazungu. Alikuwa mweusi kama mchukuzi wa mkaa, ametoka huko Kenya milimani. Pili, alifunika kichwa kama mama zetu lakini hakuwa wetu. Tatu, alivaa pete na hakuwa na mume.

Watoto tulimtega. Kwetu mtoto wa miaka saba huwataja baba zake, babu na babu wa babu, mpaka pumzi imwishie. Tukamwambia sista ahesabu wake. Akataja wawili, akakwama, akacheka. Tulikwenda mbio kumwambia nyanya, na nyanya akatikisa kichwa. Mtu asiyejua babu zake, alisema, ama amewasahau au anawaficha, na yote mawili ni mabaya.

Mama peke yake alimpenda. Alikuwa akimpelekea anjera, ile mikate yetu laini, iliyokunjwa ndani ya majani, nao wakikaa kwenye benchi la zahanati, mimi nikijifanya nacheza na kumbe nasikiliza.

"Pete hiyo ulivishwa na nani?" mama alimuuliza.

"Nilivaa siku niliyojitoa kwa Mungu. Baba yangu alikuwa amekwisha kula mahari ya mtu. Miaka sita hakunisemesha."

"Na huyo Mungu hakukupa hata mtoto mmoja?"

"Amenipa wa kwenu, nanyi kila nikimponya mnaninyang'anya."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Mimi sikucheka. Neno kunyang'anya lilinikaa moyoni. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametuonya kwamba watu wa misheni huwamwagia watoto maji kichwani, wakawasomea maneno, na mtoto akawa wao. Akasema atakayeona jambo hilo asinyamaze. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Alikuwa ameona wageni wabaya wengi katika umri wake, naye alitulinda kwa alichokijua. Simtupii yeye mzigo huu.

Msimu wa kiangazi, mama akiwa mbali malishoni pamoja na ngamia, mdogo wangu alishikwa na homa. Shingo ikakauka kama mti. Nyanya mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka zahanati, maana homa ile ilimtisha kuliko misheni. Sista akasema ni homa ya uti wa mgongo, mtoto lazima alale pale achomwe sindano kwa siku nyingi. Siku ya pili nyanya alitoka kuswali, akaniacha mlangoni niangalie.

Niliangalia. Sista alichovya kitambaa kwenye beseni, akakikamua juu ya paji la uso la mtoto, maji yakatiririka mpaka nyweleni. Kisha akamshika mkono, akainamia saa aliyokuwa ameibana kifuani, na midomo yake ikawa inacheza. Hayo tu ndiyo niliyoyaona. Sauti sikusikia hata moja.

Nilikimbia. Njiani nilikuwa na shaka tu. Nilipofika mbele ya mwalimu, na wazee wawili wamekaa naye, shaka haikutosha. Nikasema sista amemmwagia maji, amemchora alama kwa kidole, na nimesikia akitaja maneno ya dini yao. Mwalimu alinishika bega mbele ya wazee. Kesho yake nilikaa safu ya mbele chuoni, na tende tatu alizonipa nilizila polepole, moja baada ya moja. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na kwa tende zile nilijua nilichofanya.

Nyanya aliingia zahanati kama upepo.

"Wewe soma nini juu ya mtoto?"

"Nilikuwa nahesabu, nyanya. Mapigo ya moyo."

"Hiyo mabigo Mungu iko na hesabu yake."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Siku tatu mfululizo, asubuhi, sista alikuja akasimama nje ya ua wetu wa miiba na kisanduku chake cha sindano. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nyanya, nimekuja," akangoja, jua likampiga mpaka kitambaa chake kikalowa. Mimi nilikuwa ndani, hatua kumi hivi, nasikia mdogo wangu akilia, kisha akigumia, kisha akinyamaza. Ningeweza kusema neno moja. Nilikaa kimya.

Siku ya tatu jioni mama alirudi, akasikia habari. Alimchukua mtoto mpaka zahanati, akampita sista mlangoni, akamlaza kitandani yeye mwenyewe. Mtoto alipona. Alipoamka alitutazama midomo, akaanza kulia kwa hofu, na ndipo tukajua kwamba hasikii tena.

Sista alimchukua kuwa kazi yake. Kila siku baada ya foleni ya wagonjwa, alimkalisha mbele yake, akaweka kiganja cha mtoto kwenye koo lake mwenyewe, akatamka taratibu: moja, mbili, tatu. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyojifunza kusoma midomo, kwa namba, kabla ya jina lake mwenyewe. Nami niliendelea kumvizia sista. Nilitaka kumkamata kwa kosa lolote la kweli, ili lile langu lipate pa kujificha. Nilimvizia Ramadhani nimwone akila mbele za watu. Sikumwona hata akinywa maji.

Miaka minne baadaye barua ilikuja kwamba ahamie kwingine. Siku aliyoondoka, begi moja mkononi, aliniita kando.

"Siku ile ulisikia nini?"

Alikuwa amenifungulia mlango wa kukiri. Nikamwambia, "Nilisikia maneno."

"Una masikio mazuri kweli," akasema, akapanda lori.

Baada ya kutoka hospitali mwezi ule nilikwenda kwenye nyumba ya masista hapa mjini. Siku hizi pana geti la chuma na askari wenye silaha. Waliniona na ndevu zangu za hina na msuli wangu, wakanikagua mara mbili, hata kofia wakaigeuza. Sikukasirika. Zamu yangu ya kutiliwa shaka ilikuwa imechelewa sana kufika. Sista kijana aliyetoka aliniambia yule mzee wao alifariki kitambo, amezikwa na wenzake huko kwao milimani.

"Wewe ni nani wake, mzee?"

"Kaka wa mgonjwa wake," nikasema.

Zahanati ile haina paa sasa. Nyanya hayupo, mwalimu hayupo, mama hayupo, na vibuyu vimekuwa madumu ya plastiki. Mdogo wangu yupo. Anauza maziwa sokoni, na wateja wamezoea kumgeukia wanaposema. Nilimuuliza yule nesi kama siku zile tatu ndizo zilizomwondolea masikio, akasema labda, homa ile huweza kuyachukua hata penye dawa. Alitaka kunifariji. Mimi sina labda.

Nimemwomba mdogo wangu msamaha mara nyingi mno, akinipa mgongo akikoroga chai. Akigeuka, mimi hunyamaza. Kwa miaka yote hiyo nimefuga masharubu mazito, naye hulalamika kwamba ndugu yake husema kutoka kichakani.

Juzi nilikwenda kwa kinyozi, nikamwambia aache ndevu, aondoe masharubu yote. Nikaenda nyumbani kwake, nikakaa mbele yake penye mwanga wa mlango, nikamweleza: kitambaa, saa, midomo, tende tatu. Hakuondoa macho yake kinywani mwangu. Nilipomaliza akasema kwa ile sauti yake nzito isiyojisikia:

"Rudia. Polepole."

Sijui kama hakuwa ameelewa, au alitaka kuniona nikilisema mara ya pili. Nilirudia.