Do Iliyokuwa Ikishuka

Keti karibu unisikilize. Kama hujawahi kuimba kwaya usijali, nitakueleza polepole. Wanawake wenye sauti za juu ni sauti ya kwanza, na wenye sauti nzito kidogo ni ya pili. Wanaume wa juu ni ya tatu. Sisi tuliobaki chini kabisa ni ya nne, yaani besi. Katika kwaya yetu ya Kitaji, pale Musoma, kila kundi liliamini kwamba bila lenyewe hakuna wimbo. Sauti ya kwanza walituita madebe matupu. Sisi tuliwaambia wanalia kama waliokanyagwa vidole. Lakini sauti ya pili ndio waliotaniwa zaidi, kwa kuwa watu walidhani ukipelekwa huko umeshindwa kupanda.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Kinanda chetu kidogo kilitumia betri, na madukani betri hazikuwepo, kwa hiyo kilikaa kabatini kimefunikwa kitambaa. Aliyetuanzishia nyimbo alikuwa kiongozi wa sauti ya kwanza, mama mmoja aliyeuza dagaa sokoni Mwigobero. Alifumba macho, akatoa do, ile nota ya kuanzia, kwa mdomo, nasi tukajipanga juu yake. Nyimbo zetu ziliandikwa ubaoni kwa do, re, mi, na do ya namna hiyo haina mahali pake pa kudumu. Ukiianzia juu, wimbo mzima unapanda. Ukiianzia chini, wote unashuka.

Miaka ikaenda, na sisi besi tukaanza kupata shida. Nota za chini tulizozoea kuzipata bila kazi zikawa zinatoka pumzi tupu. Siku moja jirani yangu kwenye benchi alishindwa kuvumilia.

“Mama,” akasema, “huku chini tumefika kwenye matope. Hakuna pa kukanyaga tena.”

Kwaya nzima ilicheka. Mama akajibu kwamba besi wa siku hizi ni wavivu, zamani walikuwaga wanaume. Tulimwamini. Tukawa tunakunywa uji wa moto kabla ya mazoezi na kukatazana pilipili, na bado hatukufika. Hakuna aliyefikiri kwamba do yenyewe ndiyo iliyokuwa ikishuka. Sauti ya mama ilikuwa imekomaa na kuwa nzito, kama inavyotokea kwa wengi, na yeye alikuwa akituanzishia pale ambapo kilele cha wimbo bado angekifikia. Sijui kama mwenyewe alikwishatambua.

Mambo yalipoanza kulegea, mitumba na sabuni zikionekana tena sokoni, tulialikwa Bunda tuimbe Jumapili pamoja na kwaya ya huko. Tulipanda lori la pamba lililokuwa likirudi tupu, tukashuka na nyuzi nyeupe kwenye nywele. Wenyeji wetu walikuwa na kinanda kizima. Kwenye mazoezi mpigaji alitoa do, na ilikuwa juu, mbali na ile tuliyoizoea. Besi tulitazamana kwa furaha: koo zetu hazikuwa na ugonjwa wowote. Lakini wimbo ulipofika kileleni, sauti ya mama ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Akajifunga kanga vizuri, akasema kwa upole kwamba atatusubiri kwenye lori, na tukifika nyumbani tutafute mtu mwingine, yeye na kwaya basi.

Mwalimu wetu wa kwaya, kijana kutoka Butiama, alikuwa na umri wa mwanawe. Hakuthubutu kumzuia. Aliyesema ni wifi yake yule mama, mwimbaji wa sauti ya pili, ambaye walikuwa wakitaniana naye tangu nijiunge.

“Unaenda wapi, wifi? Njoo huku.”

“Huko si ndiko wanakopelekwa walioshindwa?”

“Basi njoo ushindwe na sisi. Tumebanana, lakini utakaa.”

Mama alibaki amesimama. Ndipo mwalimu akapata ujasiri. Hakumwomba aimbe. Alimwomba amkaribishe mteja kama afanyavyo sokoni, mteja mpole asiyebishana.

“Karibu, dagaa wa kisiwani Rukuba hawa,” akasema mama, kwa aibu kidogo.

Mwalimu akamwambia ashike sauti ya neno la mwisho, aivute, kisha ashuke. Akashuka. Akaambiwa ashuke tena. Ikatoka sauti pana, yenye joto, ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, maana kwa miaka yote alikuwa akiitumia ncha yake ya juu tu. Wifi yake alisogeza mkoba kwenye benchi, na mama akaketi. Jumapili ile wimbo ulijaa katikati, mahali ambapo sikuwahi kujua kwamba palikuwa na upungufu.

Na wewe, sauti ikianza kukukwama juu, usiikaze. Simama wima, sema sentensi yoyote kwa sauti yako ya mazungumzo, na ushike sauti ya neno la mwisho. Shuka nota moja moja hadi ibaki pumzi tu, rudi ulipoanzia, kisha panda hadi shingo ianze kukakamaa. Imba katikati ya mipaka hiyo miwili, na ukaketi na watu wa sauti hiyo.