Foleni ya Michezo Juu ya Kabati

Wapo wanaume wanaoficha chupa, wapo wanaoficha wanawake. Foleni alikuwa anaficha michezo ya video, tena kuficha kwenyewe hakukujua, maana makasha yake yalijipanga juu ya kabati la nguo kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, yakapanda mpaka mjusi aliyezaliwa pale darini akahama kwa kukosa nafasi.

Jina la Foleni alilipata kazini. Alikuwa mpiga chapa, msimamizi wa mtambo mmoja mkubwa wa zamani uliochapa kadi, kalenda na vitabu vya risiti. Mtambo ule ulinguruma hadi kuku wa mtaa wa pili wakawa wanataga mayai yaliyokwisha kupigwa. Sheria yake ilikuwa moja tu: kazi iliyoingia kwanza ndiyo inayotoka kwanza. Alikuja na sheria hiyo mpaka nyumbani. Chombo cha kwanza kuchafuka ndicho cha kwanza kuoshwa, na ole wako uanze na kikombe wakati sahani imetangulia.

Mkewe watu walimwita Mama Pasi, kwa ajili ya miaka aliyonyoosha mashuka ya hospitali. Darasani hakukanyaga. Herufi alizijua kwa sura, kama unavyowajua majirani msiosalimiana. Lakini mdomo alikuwa nao. Ukimtuma vitunguu, anarudi na vitunguu pamoja na habari ya muuzaji aliyeoa mapacha, akakaa nao mwaka mzima akidhani ni mke mmoja mwenye mbio.

Ugonjwa wa michezo Foleni aliupatia kiwandani. Wenzake walikuwa na mashine kuukuu waliyoiunganisha na televisheni ndogo ndani ya stoo ya karatasi, na saa ya chakula walikuwa wanapokezana pedi ya kuchezea. Akanogewa. Kila mwisho wa mwezi akawa anapitia dukani, ananunua mchezo mmoja, anaufikisha nyumbani, ananusa plastiki yake, anaugeuza huku na huku, kisha anauweka mwisho wa mstari. Hafungui. Muda wa kucheza hakuwa nao, mtambo ulikuwa unamla mchana na kumtema jioni.

"Nikistaafu," alikuwa akisema, "nitaicheza yote, mmoja mmoja, kwa zamu."

Mama Pasi alimjibu kwamba siku hiyo yeye atahamia kwa dada yake, kwa sababu hakuolewa ili uzeeni aje awe mke mwenza wa televisheni.

Siku ya mwisho ya kazi, Foleni alirudi na mchezo aliokuwa akiutamani muda mrefu kupitia kioo cha dukani. Kwenye kava kulikuwa na mtu ameshika taa, amesimama ukingoni mwa bonde lililojaa ukungu. Alimwonyesha mkewe kava lile kama mtu anayefunua nguo umwone mtoto mchanga. Halafu, bila aibu, akaupeleka mwisho wa foleni.

Akaanza. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kilimo, wa kuendesha trekta. Aliununua kwa kuwa injini pichani ilimkumbusha mtambo wake, na kumbe haupendi hata kidogo. Alilima hivyo hivyo amenuna, mpaka shamba la mwisho. Ukafuata wa mpira, wa kale, ambao baadhi ya wachezaji wake walishakuwa makocha wenye vitambi. Mama Pasi hakuhamia kwa dada yake. Alikuwa anakaa ubavuni na kapu la nguo za kushona vifungo, anawatukana mabeki. Mchana wao wa uzee ukawa mtamu kuliko walivyoutegemea.

Kisha akaanza kumwona mumewe akiitazama televisheni kwa upande, kichwa amekiinamisha, kama kuku anayemchungulia mwewe. Akadhani amelalia shingo vibaya, akamkanda mafuta. Foleni akakubali kukandwa. Siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina, ndipo Mama Pasi alipomwita binti yao anayeuza dawa kwenye duka la dawa, wakampeleka kwa daktari wa macho.

Daktari alisema kuna doa katikati ya macho yote mawili, na limekwisha kukua. Miwani haitasaidia, na dawa imechelewa. Pembeni ataendelea kuona, hatagonga milango. Ila sura za watu na maandishi vitakwenda. Binti akauliza baada ya muda gani. Daktari akapangapanga karatasi zake, mwishowe akasema kama kuna kitu mzee anapenda kukiona, akione mapema.

Neno hilo lilipanda gari pamoja nao mpaka nyumbani. Mama Pasi hakuvua hata kanga ya begani. Alipanda kwenye stuli, akavuta mchezo wa mwenye taa kutoka mwisho wa mstari, akamwekea mumewe mapajani.

"Anza na huu."

Foleni akapapasa kava. "Zamu yake bado."

"Zamu ya nani? Hapa kuna mteja gani? Mwenye kiwanda wewe, mtambo wewe, mteja wewe."

"Basi sitajipendelea."

Akamkumbusha habari ya bwana harusi. Zamani, mtu mmoja fukara alileta oda ya kadi za harusi yake, na kesho yake ikaja oda ya kalenda za mkubwa fulani. Bosi akaamuru kalenda zitangulie. Bwana harusi alipokuja kuchukua kadi, harusi ilikuwa imepita. Alizichukua hivyo hivyo, akaweka boksi begani, na Foleni ndiye aliyemshikia mlango. Toka siku hiyo aliapa kwamba mbele ya macho yake hakuna zamu itakayorukwa. Nikiuruka mmoja, alimwambia mkewe, hii mingine yote nitakuwa nimeitupa.

Hapo Mama Pasi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, akatafuta ujanja. Foleni akiingia kuoga, yeye anachomoa kasha moja hapa, moja pale, katikati ya mstari, anaficha kapuni chini ya mashuka, halafu anasogeza yaliyobaki kama muuza nyanya anayeziba pengo. Alijiambia kwamba mtu asiyeona chai yake ataona wapi kasha lililokosekana, na kwa njia hiyo mwenye taa atafika mbele upesi.

Hakujua kwamba mstari ule mumewe alikuwa nao vidoleni. Alipofika penye pengo, Foleni alipapasa, akarudi nyuma, akapapasa tena. Hakufoka. Alizima televisheni, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nje.

"Siku ukiyarudisha, nitaendelea," akasema.

Mama Pasi akaapa hajui kitu. Akasingizia panya, tena panya msomi, aliyeonekana mtaani amebeba kasha kwapani akitafuta umeme. Kwa kawaida Foleni angecheka. Hakucheka. Kila mmoja akangoja mwenzake achoke. Mke alidhani hamu itamshinda mume, aruke. Mume alidhani huruma itamshinda mke, arudishe. Wakashindana hivyo siku nyingi, wanasalimiana vizuri, wanapakuliana chakula, na mashine imefunikwa kitambaa.

Asubuhi moja Mama Pasi alikuwa amesimama mbele ya mumewe, jua limemwangaza uso mzima, karibu kiasi cha kugusana, na Foleni akamwuliza: "Ni wewe, mama, au ni binti yetu amekuja?"

Mama Pasi alienda kapuni. Alirudisha makasha yote, kila moja mahali pake, na alipokosea Foleni alimwelekeza kwa kidole. Makasha yalirudi. Siku zilizopotea hazikuwa na rafu ya kurudishwa.

Baada ya hapo Foleni alicheza kama mtu anayekimbiza giza. Michezo mingine aliimaliza kwa sikio na kwa pembe za macho. Mingine ilimshinda, magari yakaanguka mitaroni, wapiganaji wake wakapigwa na ukuta, na alipoona imeshindikana aliitoa, akairudisha kwenye kasha. Kazi iliyoharibika nayo hutoka, alisema, inatoka imeharibika.

Zamu ya mwenye taa ilipofika, alinawa mikono. Aliichana plastiki mwenyewe, taratibu, akaweka diski. Muziki ukaanza, wa nyuzi, wa polepole. Foleni akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akainama, akainuka, akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akarudisha kiti nyuma na kumnyooshea mkewe pedi.

"Shika wewe. Niambie unaona nini."

Mama Pasi akaipokea kama anayepokea chungu cha moto. Akasema anamwona yule mtu na taa yake, amewapa mgongo. Na chini yake kuna maandishi.

"Yanasemaje?"

Akayatazama maandishi, nayo yakamtazama.

"Yanasema karibu."

"Haya, tuingie."

Alibonyeza kitufe kimoja, maandishi yakabadilika. Akabonyeza kingine, yakarudi yale ya mwanzo. Akabonyeza vyote kwa pamoja kama mtu anayekanda unga. Mtu wa taa hakuinua hata unyayo. Jasho likamtoka. Alitaka kusema ameshindwa, neno likafika mpaka kwenye meno. Akamwangalia mumewe, ameinamisha kichwa upande, mdomo nusu wazi, anasubiri.

"Ameanza kutembea," akasema.

Basi akatembea. Mchana kwa mchana, chakula kikishaondolewa, mtu wa taa alishuka bondeni kwa ulimi wa Mama Pasi. Alivuka daraja lililojengwa kwa mbavu za jitu lililokufa kwa kucheka. Taa yake ilikuwa haiwaki kwa mafuta ila kwa machozi, kwa hiyo kila kijiji alitafuta mtu wa kumliza, na kijiji kimoja kilikuwa na watu wenye furaha kupita kiasi hata nusura abaki gizani. Alikutana na mwanamke anayepiga pasi mawingu. Alikuwa ameunguza moja, ndilo linalonyesha.

"Huyo mwanamke mzuri?" Foleni aliuliza.

"Mzuri ajabu. Mumewe tu ndiye kichwa ngumu."

Foleni alicheka mpaka akashika ubavu. Na pale kwenye kioo mtu amesimama, amewapa mgongo, muziki unafika mwisho na kuanza upya.

Siku moja binti yao alipata mapumziko, akaja na mfuko wa matunda. Alisimama mlangoni, akasikiliza mamake akieleza habari ya pango lenye milango inayopiga miayo. Akatazama kioo. Mama Pasi akamkazia macho, akamtikisia kichwa, lakini mtoto huyo alizoea kusoma majina ya dawa kwa sauti, na kinywa kikamtangulia.

"Mama, mbona hamjaanza? Hapo wanataka uchague lugha. Chagua, halafu bonyeza hicho cha kijani."

Muziki ukafika mwisho, ukaanza upya. Mama Pasi aliangalia pedi mkononi mwake, akaona aibu ya mtu aliyekutwa na cha wizi.

"Mwache mama yako," Foleni akasema. "Yuko mahali pagumu."

Binti akaweka mfuko chini, akapiga magoti kando ya kiti. Akasema yeye atacheza, atamsomea babake kila neno na kumweleza kila kitu kama kilivyo, asikose hata jani.

"Mwanangu, wimbo ni huu huu tangu siku ya kwanza," Foleni akasema. "Unadhani na sikio langu lina doa?" Akatafuta mkono wa mkewe pembeni, akaukosa, akaupata. "Nikielezwa kilichomo, nitajua nimekosa nini. Mama yako ananieleza kisichokuwemo. Hicho sijakikosa."

Halafu akamwambia mkewe kwamba leo amalize, kazi isikae mtamboni.

Mama Pasi hakutaka. Uwongo alikuwa nao wa kulisha mtaa mzima, na mtu wa taa angeweza kutembea mpaka wote wawili wazikwe. Lakini Foleni alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama anayesubiri kusaini mzigo.

"Amefika," akasema Mama Pasi. "Kuna mlango."

"Kisha?"

"Taa imezimika."

Mama Pasi akafungua kinywa, akakifunga. Akakifungua tena, na mle ndani hamkuwa na kitu.

"Basi," Foleni akasema kwa upole. "Ndio mwisho wake."

Akatoa diski kwa kupapasa, akaiweka kwenye kasha, akalibana mpaka likalia, akamwomba binti alipandishe mahali pake. Foleni yote ilikuwa imepita. Hakuuliza tena habari ya mashine. Binti alipoondoka, mzee alienda kukaa kwenye ngazi ya nje, uso ameuelekeza barabarani, anajifunza watu kwa miguu yao.

Mama Pasi alibaki chumbani na kitambaa cha vumbi. Alifuta meza, akafuta mashine, akafuta pedi. Kisha akapanda stuli, akateremsha kasha lile, akaweka diski. Akachagua bila kujua anachagua nini, akabonyeza cha kijani.

Mtu wa taa akainua unyayo.

Ukungu ukafunguka. Bondeni chini kulikuwa na mji, na juu ya kila paa ndege weupe wamelala, na taa ilivyokuwa inashuka walikuwa wanaamka mmoja baada ya mwingine, wanaruka, mpaka bonde lote likawa mbawa. Mama Pasi, aliyewahi kumpa panya elimu, hakuwa amewaza kitu kama hicho. Muziki nao ukawa mwingine kabisa, mpana, wa sauti nyingi.

Kupitia dirisha aliona kichwa cha mumewe kikigeuka.

"Nini hicho?" Foleni akauliza kutoka nje.

"Matangazo tu," akasema Mama Pasi, akapunguza sauti mpaka ikaisha.